Kunasa risasi na shaba kwenye majitaka kwa unga wa majani: mwongozo kwa karakana za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Unga wa majani makavu ulioandaliwa vizuri hushusha risasi, shaba, zinki na kadimiamu kwenye majitaka hadi kiwango ambacho chokaa peke yake hushindwa kukifikia. Malighafi yake imejaa kanda nzima: masalia ya viwanda vya chai Mufindi, Rungwe na Njombe, majani ya parachichi yanayobaki baada ya kupogoa, mikaratusi ya karibu kila kijiji. Ila kazi ya unga huu ni kumalizia. Ukimimina maji ya betri moja kwa moja juu ya majani, utaharibu majani na risasi itapita kama ilivyokuja.

Tumechukua mfano wa karakana ya betri za magari, kwa sababu ndiyo chanzo cha risasi kilicho karibu zaidi na makazi ya watu, kuanzia Mbeya mjini hadi Makambako na Iringa. Anayeshughulika na maji ya shaba au zinki atafuata hatua zilezile, akibadilisha pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni upande wa chokaa) kama tutakavyoeleza.

Jani linanasaje metali

Ukuta wa seli ya jani umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi, pektini na lignini. Majani ya chai na mkaratusi yana tanini nyingi pia. Ndani ya vitu hivi kuna vikundi vya kaboksili na fenoli ambavyo huachia hidrojeni au kalsiamu na kuishika ayoni ya risasi, yaani risasi iliyoyeyuka yenye chaji chanya, badala yake. Haya ni mabadilishano, kwa hiyo nafasi zikijaa, unga haushiki tena hata ukiongezewa muda.

Kinachonaswa ni metali iliyoyeyuka tu. Risasi iliyo kwenye chembe za tope hupita katikati ya unga au huziba chujio, na matone ya zebaki yanayobaki kwenye karai la mchimbaji wa Chunya hayaguswi kabisa na majani. Tope na matone lazima yatolewe kwanza kwa kutuamisha.

pH nayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Chini ya 3, hidrojeni iliyomo kwenye asidi huzikalia nafasi zote na risasi hukosa mahali. Ukipanda juu ya 6, risasi huanza kuganda yenyewe kuwa chembe laini sana. Mtu hudhani majani yamefanya kazi, kumbe ni wingu la chembe linalopita kwenye chujio na kutoka nje. Kwa risasi na shaba fanya kazi kati ya 5 na 5.5. Kwa zinki na kadimiamu unaweza kwenda hadi 6.

Maji ambayo hupaswi kuyaleta hapa

Maji ya mabwawa au matangi ya kuchenjulia dhahabu kwa sayanidi yasiguswe kwa njia hii. Humo metali zimefungwa na sayanidi na zina chaji hasi, hivyo majani hayazishiki. Hatari kubwa zaidi ni kwamba ukishusha pH ya maji hayo hutoka gesi ya sayanidi ya hidrojeni, nayo inaua kwa dakika chache. Usiweke asidi kwenye maji usiyojua yalitoka wapi. Kama karakana yako imepakana na mchenjuaji, tenganisha mapipa na uyaandike.

Aseniki nayo huwa na chaji hasi au haina chaji kabisa, kwa hiyo majani ghafi hayaisaidii. Kromiamu ya aina ya sita hutaka pH ya karibu 2, ambako majani huibadilisha kwanza kuwa kromiamu ya aina ya tatu. Hiyo ni kazi ya kufanywa na mkemia.

Kuchagua majani

Tukipewa nafasi ya kuchagua, tunaanza na masalia ya kiwanda cha chai: vumbi, nyuzi na vijiti visivyofungashwa. Yameshakaushwa na kukatwa, na uwezo wake wa kunasa risasi na shaba umepimwa mara nyingi. Yanayofuata ni majani ya parachichi yaliyokomaa, kisha mkaratusi, ambao mafuta yake yanahitaji kuoshwa zaidi. Migomba ya Tukuyu ni mingi, lakini jani lake karibu lote ni maji, na kilo nyingi mbichi hukupa unga kidogo sana.

Epuka majani ya kahawa au parachichi kutoka mashamba yanayopuliziwa dawa za shaba dhidi ya kutu ya majani, chulebuni au kuvu nyingine. Yanakuja na shaba yake na kuimwaga kwenye maji yako. Mtu wa Mbozi aulize historia ya shamba kabla ya kubeba gunia. Majani ya kando ya barabara kuu pia yaache, kwa sababu ya vumbi.

Kuandaa unga

Osha majani kwa maji safi kuondoa udongo, kisha yaanike juu ya chanja hadi yavunjike mkononi. Kuanzia Juni hadi Oktoba siku tatu hadi tano za jua hutosha. Wakati wa mvua za Rungwe tumia kibanda chenye moto wa mbali, joto lisizidi nyuzi 80. Jani lililoungua kingo limeanza kupoteza vikundi vile vinavyonasa. Kilo 10 za majani mabichi ya parachichi hutoa takriban kilo 3 hadi 4 kavu, na kuosha kutapunguza tena.

Saga kwa mashine ya chakula cha mifugo. Mashine ya unga wa ugali iache, kwani harufu ya mkaratusi haitoki upesi. Unachotaka ni chembe za kati ya robo milimita na milimita moja. Wavu wa mbu wa dirishani, ambao matundu yake hukaribia milimita moja na kidogo, utazuia vipande vikubwa. Kinachobaki juu ya wavu kisage tena, na kinachopita chekeche kwa chekeche ya unga, kisha tupa vumbi laini lililopita. Wengi huliacha vumbi hilo kwa kuona uchungu kulipoteza, halafu bomba linaziba siku ya pili.

Sasa osha kwa maji moto. Weka kilo 1 ya unga kwenye lita 15 za maji ya nyuzi 80 hivi, koroga mara kwa mara kwa saa moja, kamua kwenye kitambaa. (Mbeya mjini, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, yaepue moto yakichemka, subiri dakika chache, ndipo uweke unga.) Rudia mara tatu au nne hadi maji yatoke na rangi ya chai iliyopoa na kuzimuliwa sana. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa zaidi. Unga usiooshwa hutoa maji ya kahawia yenye tanini na sukari zilizoyeyuka. Tanini hizo hushika risasi na kutoka nayo nje ikiwa bado imeyeyuka, na sukari hulisha bakteria. Maji ya kuoshea usiyamwage mtoni kwa sababu yatamaliza oksijeni. Yamwage shimoni au kwenye udongo wa shamba.

Hatua ya mwisho ni chokaa. Koroga gramu 70 za chokaa iliyozimwa, ile laini ya kupakia nyumba, kwenye lita 10 za maji, tumbukiza kilo 1 ya unga uliooshwa, acha saa moja. pH ikae juu ya 11. Ikishuka ongeza kidogo. Chokaa hufungua pektini na kuacha vikundi vingi zaidi vya kaboksili, kisha kalsiamu hukaa humo ikingoja kubadilishwa na risasi. Rangi itakolea tena, ndiyo kawaida. Suuza hadi pH ya maji yanayotoka ishuke chini ya 8.5, anika, fungasha kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Unga wenye ukungu usiutumie.

Kuandaa majitaka

Asidi nzima ya betri ya zamani isiingie kwenye mfumo huu. Ihifadhi kwenye dumu la plastiki na kuikabidhi pamoja na betri zenyewe kwa mrejelezaji mwenye kibali. Tunachosafisha hapa ni maji ya kuoshea betri, sakafu na vifaa.

Vaa miwani, glovu za mpira na buti. Kusanya maji kwenye pipa la plastiki la lita 200. La chuma litaliwa. Kama kuna mafuta ya gereji, yaache yaelee kwa saa kadhaa na uyaengue, kwa sababu mafuta hufunika chembe za unga na kuzuia maji kuingia ndani yake.

Pima pH kwa karatasi au kipimo cha elektroniki, kisha ongeza chokaa iliyozimwa ikiwa imekorogwa na maji, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mti. Kwa maji ya asidi ya salfuriki ya pH 1, hesabu ya kemia ni takriban kilo 1.3 za chokaa kwa lita 200. Kwa pH 2 ni gramu 100 tu. Tofauti hiyo kubwa huwashangaza wengi, lakini kila hatua moja ya pH ni karibu mara kumi ya asidi. Chokaa ya madukani si safi kabisa, hivyo utahitaji zaidi kidogo. Amini kipimo cha pH kuliko mizani. Chokaa ya kilimo haifai hapa: hutoa povu, hufunikwa na jasi inayojiunda juu ya chembe, na haifikishi pH inayotakiwa.

Simama kwenye 9 hadi 9.5. Hapo sehemu kubwa ya risasi huganda na kushuka pamoja na jasi nyeupe. Ukizidisha hadi 11 na zaidi, risasi huanza kuyeyuka upya. Acha yatulie usiku mzima, kisha toa maji ya juu kwa mpira au koki iliyowekwa sentimita 20 juu ya kitako cha pipa. Yapitishe kwenye ndoo ya mchanga safi. Tope lililobaki ni taka hatari, lina risasi nyingi kuliko kitu kingine chochote utakachozalisha hapa.

Sasa shusha pH hadi 5 au 5.5. Tumia asidi mpya ya betri, isiyowahi kuingia kwenye betri, iliyozimuliwa: mililita 20 ndani ya lita moja ya maji. Asidi ndiyo huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Anza na mililita 50 za mchanganyiko huo kwa pipa, koroga, pima, ongeza. Usitumie limau wala siki, hata kama viko jirani na ni rahisi. Sitrati iliyomo kwenye limau huikumbatia risasi ikabaki imeyeyuka na majani hayaipati. Asetati ya siki hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo. Sabuni za unga zenye dawa za kulainisha maji huleta shida hiyohiyo, kwa hiyo sakafu ya karakana ioshwe kwa maji matupu na brashi.

Jaribio dogo kabla ya kujenga chochote

Takwimu za maabara huzungumzia makumi ya miligramu za risasi kwa gramu moja ya majani. Hizo ni za maji safi yaliyowekwa risasi nyingi. Maji yako yana kalsiamu tele kutoka kwenye chokaa, pengine na chuma, na risasi yenyewe imebaki chache. Katika hali hiyo unga hushika sehemu tu ya kile unachoweza. Kwa mpango wa kwanza, sisi tunahesabu miligramu 5 kwa gramu.

Chukua chupa sita za plastiki safi za nusu lita. Nne zijaze maji yako yaliyotayarishwa, uweke gramu 0.5, 1, 2.5 na 5 za unga. Ya tano iwe na maji yako bila unga. Ya sita iwe na maji safi na gramu 2.5 za unga, ili ujue majani yenyewe yanatoa nini. Tikisa kwa saa mbili, ukipima pH katikati, kwa sababu unga wenye kalsiamu huipandisha. Ikivuka 6, irudishe. Chuja kwa karatasi ya chujio, tia kwenye chupa zilizoandaliwa na maabara.

Macho na ulimi havipimi risasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kisichobadilisha rangi, harufu wala ladha. Jaribio la iodidi linalotoa unga wa njano huonyesha tu maji yaliyochafuka mno. Kwa kanda hii kuna ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Mbeya na maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Piga simu kwanza uulize chupa, asidi ya kuhifadhia na muda wa kufikisha sampuli. Kiwango unachoruhusiwa kumwaga kiulize ofisi ya kanda ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), ambayo pia iko Mbeya.

Njia ya pipa

Kwa karakana inayojaza pipa moja kwa wiki, hii inatosha. Lita 200 zenye miligramu 5 kwa lita zina gramu 1 ya risasi. Kwa miligramu 5 kwa gramu, unahitaji gramu 200 za unga; weka 400 ili uwe salama. Ila usiziweke zote pamoja. Weka gramu 200, koroga saa moja na nusu, acha zitue, hamisha maji kwenye pipa la pili, weka gramu 200 nyingine. Unga mpya unaokutana na maji yaliyokwisha kusafishwa nusu huvuta mabaki ambayo dozi moja kubwa ingeyaacha. Asubuhi za Julai, Makete au Mufindi, ongeza nusu saa, kwani maji baridi hupunguza mwendo. Usifunge unga kwenye mfuko wa kitambaa na kuuzamisha: maji hupita pembeni, na unga wa katikati haufanyi kazi.

Njia ya bomba

Maji yakiwa mengi, jenga mabomba mawili ya PVC ya inchi 4, kila moja mita 1.5, yakisimama wima. Kitako kifunge kwa kofia yenye koki ya nusu inchi, weka wavu na sentimita 10 za kokoto ndogo. Changanya unga na mchanga wa milimita moja uliooshwa, nusu kwa nusu kwa ujazo. Loweka mchanganyiko usiku kucha kabla ya kuujaza. Unga mkavu uliojazwa bombani huvimba ukilowa, ukabana hadi maji yasipite au kofia ing'oke. Jaza mita moja, weka wavu na kokoto juu, kisha toleo la maji.

Maji yaingie kwa chini na kutokea juu, kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa. Yakishuka kutoka juu hutafuta njia moja na kuitumia hiyohiyo, huku unga wa pembeni ukibaki mpya.

Mita moja ndani ya bomba hilo ni karibu lita 8. Ili maji yakae nusu saa, yaende robo lita kwa dakika, yaani lita 15 hivi kwa saa. Pima kwa jagi na saa ya simu. Humo ndani mna takriban kilo 1.2 za unga, wenye uwezo wa kushika gramu 6 za risasi kwa hesabu yetu: mapipa sita ya lita 200 yenye miligramu 5 kwa lita. Unganisha toleo la bomba la kwanza na ingilio la pili. Peleka sampuli kutoka katikati yao. Risasi ikifika nusu ya ile inayoingia, ondoa la kwanza, la pili lichukue nafasi yake, jipya liwe la mwisho. Hivyo unautumia unga wote bila kuruhusu risasi itoke.

Mwendo ukipungua ghafla, ni chembe za jasi au vumbi: rudisha maji safi kwa kasi na uyakusanye. Harufu ya mayai yaliyooza ina maana maji yamesimama siku kadhaa bombani na bakteria wamekula unga, badilisha. Risasi ikitoka mapema huku pH ya kuingia ikiwa sawa, pima chuma, kwani nacho hukalia nafasi. Kitoe kabla, kwa kuyaruhusu maji yaanguke kutoka ndoo hadi ndoo yapate hewa, kisha kuyatuamisha.

Maji yaliyopita yapandishwe hadi pH 6.5 hadi 8.5 kwa chokaa kidogo. Yatumie kuoshea betri tena kadiri iwezekanavyo. Si ya kunywa, si ya mifugo, si ya mchicha.

Unga uliojaa

Risasi haijaangamia, imehamia kwenye unga. Usiuchome: moshi na majivu huisambaza, na kama unga ulitumika kwa zebaki, mvuke wake utapumuliwa na kila aliye karibu. Usiuweke kwenye mboji wala mahali mbuzi wanapofika. Unaweza kuusuuza kwa asidi dhaifu na kuutumia tena mara chache, lakini utabaki na asidi yenye risasi nyingi ambayo karakana ndogo haina pa kuipeleka. Majani ni bure, kwa hiyo badilisha tu.

Kamua, anika juu ya turubai chini ya paa ambako watoto hawachezi, tia pamoja na tope la jasi kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Andika kwa rangi: TAKA HATARI, RISASI, tarehe na uzito. Pipa likijaa, likabidhi kwa msafirishaji wa taka hatari mwenye kibali cha NEMC, na utunze nakala ya hati ya makabidhiano. Nguo za kazi zifuliwe karakanani, na maji ya kufulia yarudi kwenye pipa la kwanza, yasubiri chokaa kama maji mengine.